Shamba Nililoliita Tupu

Mwaka ule ofisi ya mipango ya mji ilikuwa imebakiwa na meza tatu, kabati moja lisilo na mlango, na penseli mbili za rangi, nyekundu na ya kijani. Vitu vingine vyote vilikuwa vimechukuliwa. Vingine vilichukuliwa na wanajeshi wa upande mmoja, vingine na wa upande mwingine, na vingine, niseme ukweli, na sisi wenyewe kabla hawajafika. Mimi nilichukua rula ya chuma. Ninayo hadi leo.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache kabla. Mkuu wa ofisi alikuwa mwalimu wangu kule chuoni. Yule aliyemtangulia alikuwa ameukimbia mji, na utawala wa waasi ulioshika Kisangani wakati huo ulihitaji mtu anayejua kusoma ramani. Chuoni alitufundisha jinsi nchi mbalimbali zinavyoigawa ardhi yao. Alitueleza kwamba Waholanzi hupanga kila kipande kwa makini kwa sababu walikipokonya kutoka baharini, kwamba Tanzania iliwakusanya wakulima vijijini kwa imani ya kisiasa, na mara nyingine udongo ukaulizwa baadaye, kwamba Wabelgiji walipoichora miji yetu waliacha ukanda mpana kati ya nyumba zao na zetu na kusema ni kwa ajili ya afya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinua mkono. Nani alichora? Nani alimlipa mchoraji? Waliokuwa wakiishi pale waliulizwa? Wenzangu waliniita Madame Pourquoi, Bi Kwa Nini, na mkono wangu ulipopanda walianza kufunga madaftari kwa kelele, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na njaa na swali langu lilikuwa linamcheleweshea chakula.

Nilijiona mtu asiyedanganywa kirahisi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii.

Utawala ulitaka ramani ya ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, kando ya barabara iendayo Opala. Walitaka kujua palipojengwa, palipolimwa, na palipobaki. Tuliambiwa kwamba watu waliokimbia mabomu wanahitaji mahali pa kukaa. Nilimuuliza mkuu kama kweli ni kwa ajili yao. Alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai. Akaniambia nichore tu, na maswali nimwekee atakayeisoma ramani.

Sikuikataa kazi. Nitaeleza kwa nini, ingawa sababu yenyewe ni ndogo. Kazi ile ilikuja na karatasi yenye muhuri, na karatasi yenye muhuri ilikupitisha kwenye vizuizi vya askari bila kufunguliwa sakoshi ya begani na bila kuambiwa usubiri pembeni. Msichana wa umri wangu alijua maana ya kuambiwa asubiri pembeni. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaiweka ndani ya sidiria, na kwa mara ya kwanza tangu vita ianze nikawa natembea mjini mwangu kama zamani.

Vyombo vya kupimia vilikuwa vimeibwa, kwa hiyo tulipima kwa gurudumu la baiskeli. Nilivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kuchonga, kila asubuhi, na upande wa pili alinisubiri mwendesha toleka mmoja, mmoja wa wale waliobeba abiria kwa baiskeli baada ya mafuta kuadimika na magari kulala. Alikuwa mtu mzima, mvuvi wa Yanonge, aliyeacha nyavu kwa sababu kwenye kila kizuizi cha mtoni samaki wake walikuwa wanapungua hadi anabaki na kapu tupu. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele. Yeye akasukuma baiskeli na kuhesabu mizunguko kwa sauti, kwa Kilingala, mimi nikaandika.

“Université yote hii,” aliniambia siku ya kwanza, “mwisho yake ni kuhesabu mupira.”

Njia hii ilikuwa na kasoro moja ambayo niliiona mapema nikaipuuza. Baiskeli inapita barabarani na kwenye vijia. Haiingii kichakani. Kwa hiyo mahali penye nyumba au mihogo tulipima vizuri, na mahali palipoota miti tulipima upande wa barabara tu, nikasimama kando na kukadiria kina chake kwa macho.

Siku ya nne au ya tano tulifika kwenye kipande kikubwa kilichojaa parasolie. Ni ile miti myembamba yenye majani mapana kama mwavuli, ambayo huota ya kwanza mahali msitu ulipokatwa na kulimwa. Nilisimama barabarani nikitazama ukuta wa majani. Mama mmoja akatoka kwenye kijia, kitunga cha mihogo mgongoni, mkanda wake ukiwa umepita kwenye paji la uso. Alikuwa wa rika la mama yangu. Alisimama bila kutua mzigo.

“Mutoto, muko napima nini?”

Nikamwambia tunachora ramani ya serikali.

“Serikali gani?”

Mwendesha toleka alicheka, nami nikacheka. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali langu kabisa, ila yeye ndiye aliyeuliza. Nikamuuliza pori hili ni la nani.

“Hapana iko pori. Ni shamba yangu. Mbele ilikuwa ya mama yangu. Iko nalala.”

Nikamuuliza linalala tangu lini. Hakuhesabu miaka. Aliinua macho akatazama vichwa vya parasolie, kisha akanyoosha mkono mbele yake na kuupandisha kidogo juu ya mahali miti ilipofika.

“Zikifika pale, nitaiamusha. Bado saison mbili.”

Alinieleza mengine huku akiegemea baiskeli yetu ili kupunguza uzito. Shamba alilokuwa akilima wakati huo, nyuma ya nyumba, lilikuwa limechoka. Mihogo yake ilikuwa inatoka kama vidole. Nyumba yake ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia makombora katika mitaa ya Makiso na Tshopo, na mashua za kutoka kule mto unakoteremkia hazikuwa zinapanda tena na mchele. Angeweza kuliamsha shamba hili mapema, wengi walimshauri hivyo, lakini lingempa mpunga mara moja na kufa mikononi mwake. Alikuwa anavumilia. Alivuna vidole, akapika vidole, akasubiri miti ipande.

Niliandika kwenye daftari. Nayakumbuka maneno kwa sababu bado yapo: “Upande wa kulia, baada ya daraja la magogo. Linalala. La mama huyu, awali la mama yake. Bado misimu miwili.” Nilimwomba anionyeshe mipaka, akanitajia mchikichi, jiwe, na mgomba ulioachwa makusudi kwenye kona. Sikuingia kuvitazama. Jua lilikuwa limepanda na pirogi ya mwisho yenye nafasi ilikuwa inaondoka mapema siku hizo.

“Andika muzuri,” mwendesha toleka aliniambia tulipokuwa tukirudi. Alisema kwao Yanonge mtu anaweza kufa njaa mbele ya shamba la mwenzake lililolala na asiliguse. Anayechuma uyoga mle ni mwenye shamba, anayeokota kuni ni mwenye shamba, na watoto wote wanajua. Nikamjibu kwamba nimeandika. Ilikuwa kweli.

Ramani niliichorea nyumbani, mtaa wa Mangobo, juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula, mama yangu akitwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Nyumba nilizipaka nyekundu. Mashamba nikayapaka kijani. Nilipofika baada ya daraja la magogo, mkono ukasimama. Lile halikuwa na nyumba. Halikuwa na mazao. Sikuwa na rangi ya tatu. Penseli yangu mwenyewe ya bluu ilikwisha nilipokuwa nikipaka mto, na mto wetu unakula penseli. Nikajaribu kuchora mistari myembamba ya penseli ya kawaida, ya kulala upande, nikaona inafanana na uchafu.

Kesho yake nilimpelekea mkuu. Aliitazama mistari kwa muda. Akasema ramani itanakiliwa kwa mkono mara kadhaa na mistari ile itapotea kwenye nakala ya kwanza. Halafu akafungua kitabu cha zamani cha kazi, chenye jalada lililoliwa na mchwa, akanionyesha ufunguo wa ramani jinsi unavyotakiwa kuwa: bâti, cultivé, vide. Kilichojengwa, kilicholimwa, kilicho tupu. Nikamwambia mashamba haya si matupu, yanalala, yana wenyewe. Nikamuuliza kitabu kile kiliandikwa wapi.

“Madame Pourquoi,” alisema bila ukali, “hapa hakuna mtihani.”

Na mimi, niliyekuwa nimewauliza Waholanzi na Wabelgiji na kila serikali iliyowahi kutajwa darasani, nikachukua raba. Nilifuta mistari. Karatasi ikabaki nyeupe kando ya daraja la magogo, na nyeupe pia mahali pengine kumi na zaidi. Chini, kwenye ufunguo, kando ya kisanduku cheupe, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ulionipatia sifa tangu shule ya masista: vide.

Sikulazimishwa. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka tukio hili kwa namna ambayo mkuu anapaza sauti au ananitishia, na sijaweza. Alikuwa amechoka, mimi nilikuwa na haraka, na muhuri ulikuwa mezani.

Waliokimbia mabomu hawakupewa kitu. Baada ya muda sehemu nyeupe zilianza kutoka ofisini moja moja zikiwa zimeandikwa kwenye barua za umiliki. Ile ya baada ya daraja la magogo alipewa mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa akiuza maharagwe na sabuni kwa jumla, vitu vilivyofika kwa ndege ndogo kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika. Nilimjua kwa sura. Jumapili alikaa safu ya tatu kanisani, mbele ya mama yangu, na aliimba vibaya lakini kwa moyo. Alitaka kujenga stoo na nyumba ya familia yake mbali na katikati ya mji, mahali ambapo majeshi mawili yaliyokuwa yakichungana yasingeweza kuangukiana juu ya kichwa chake. Alipotuma watu wa kufyeka, yule mama aliketi katikati ya kijia na kitunga chake, akakataa kuinuka. Hakupiga kelele. Aliketi tu hadi wakaacha.

Ndiyo maana tuliitwa ofisini wote, asubuhi moja ya mvua. Mkuu alikaa nyuma ya meza, ramani ikiwa imetandazwa na kukandamizwa kwa vipande vya tofali. Afisa mmoja wa utawala alikaa karibu na dirisha na bastola kiunoni, akikata kucha. Mfanyabiashara alisimama mpaka yule mama alipopewa kiti, ndipo naye akaketi. Mimi nilikuwa kwenye benchi ukutani. Sakoshi yangu ilikuwa juu ya magoti, na ndani ya sakoshi lilikuwamo daftari.

Mfanyabiashara alisema hakuiba. Alionyeshwa karatasi, karatasi ilikuwa nyeupe, akaomba kilicho cheupe. Aligeuka akamtazama yule mama moja kwa moja.

“Mama, kwetu milima imejaa bantu. Shamba hailali. Ukiilaza, jirani anafikiri umekufa, anakuja kulia matanga na jembe mukononi.”

Hata yule mama alicheka. “Basi kwenu kisha miaka tatu munakula nini? Mawe?”

“Maharagwe, mama. Na mavi ya ng'ombe.”

“Munakula mavi?”

Afisa mwenyewe aliacha kucha zake akacheka. Kwa dakika moja chumba kile kilikuwa kama uwanja wa watu wanaofahamiana. Mfanyabiashara alieleza habari ya mbolea, yule mama akasikiliza kwa makini, akauliza ng'ombe mmoja anatosha shamba la ukubwa gani. Nilifikiri wataelewana. Walikuwa wanalifanya kwa dakika chache lile ambalo mimi nilipaswa kulifanya kwa ramani.

Lakini mkuu alipogonga meza kwa kalamu, yule mama alinyoosha kidole kwangu.

“Uliza huyu mutoto. Nilimwambia iko nalala. Aliandika.”

Mkuu aliniuliza kama mama huyu aliniambia kwamba shamba ni lake.

“Kwenye ramani ni vide,” nilisema.

“Hilo naliona. Nimeuliza kama alikuambia.”

Alinipa nafasi ya pili. Kwa miaka kadhaa nilimlaumu yeye kwa kitabu chake chenye mchwa, lakini asubuhi ile aliniuliza mara mbili, na mara ya pili aliuliza polepole, macho yake yakiwa kwenye sakoshi yangu. Nadhani alijua daftari limo. Mwanafunzi wake alikuwa haachi daftari. Afisa alikuwa ameinua kichwa. Nikaiona karatasi yangu yenye muhuri, nikajiona nikisimama pembeni mwa kizuizi, nikaona pia jambo la aibu zaidi, ambalo sijalisema kwa mtu: sikutaka ionekane kwamba ramani yangu ina kosa. Ilikuwa ramani yangu ya kwanza. Nakala yake ilikuwa imetundikwa kwenye chumba cha utawala.

“Sikumbuki vizuri,” nilisema.

Yule mama alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ilikuwa kama anatafuta kitu alichokuwa amekiweka pale.

“Mutoto, unakumbuka,” alisema.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Afisa akamwambia mkuu amalize, na mkuu akamaliza. Karatasi ya mfanyabiashara ikathibitishwa, na yule mama akaruhusiwa kuokota kuni mpaka ujenzi uanze. Mfanyabiashara alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Mlangoni alimwambia mama apitie dukani achukue gunia la maharagwe. Nilitamani alikatae, ili nipate la kusimulia. Alilichukua. Nyumba yake ilikuwa imejaa.

Ujenzi haukuanza. Majeshi mawili yaliangukiana kweli, juu ya vichwa vyetu wote, na mji ulikaa siku kadhaa chini ya vitanda. Duka la mfanyabiashara lilipigwa. Familia yake ilipona, naye akaondoka nayo kurudi kwenye milima yake na hakurudi. Kule baada ya daraja la magogo aliacha nguzo nne za pembeni na waya uliozunguka parasolie.

Niliacha kazi ile, lakini nisijisifu, niliiacha wakati muhuri wake ulipokuwa hauna nguvu tena. Misimu kadhaa ilipita, na mambo yalipotulia kidogo nilikwenda kwa mkuu nikiwa na daftari mkononi. Nilitaka kuongeza rangi ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema barua imesajiliwa kwa jina la mtu, mtu huyo hayupo, na asiyekuwepo hawezi kusaini kwamba ameacha. Nilimuuliza nchi nyingine hufanyaje katika hali kama hii. Lilinitoka tu, kama zamani. Alitabasamu kwa huzuni, akasema inategemea nani anauliza.

Kisha nilivuka mto. Wakati huo mwendesha toleka wangu alikuwa amerudi Yanonge kwenye nyavu, kwa hiyo nilitembea kwa miguu. Nilipita kwenye nguzo nne, nikasimama, nikatazama juu. Nilirudi gatini na nikamkuta yule mama, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba sasa anauza kwanga pale, mihogo iliyopondwa na kufungwa kwa majani. Mihogo ya kutengenezea alikuwa anainunua kwa wenzake. Shamba la nyuma ya nyumba lilikuwa limekufa kabisa.

Alinitambua kabla sijamsalimia. Akaniuliza kama nimetoka kwa miguu barabara ya Opala. Nikasema ndiyo. Yeye alikuwa haendi tena kule.

“Parasolie zimefika wapi?”

Niliinua mkono kama alivyouinua yeye siku ile. Nikaufikisha alipoufikisha yeye, kisha ikanibidi niendelee kuupandisha, juu zaidi, mpaka mkono ukawa juu ya kichwa changu.

“Imepita,” alisema. Aliendelea kufunga majani. Alinieleza bila kuniangalia kwamba kwa urefu huo mashina yanakuwa ya shoka, si ya panga. Linahitaji wanaume watatu, na wanaume wake watatu vita ilikuwa imewatawanya. Hata kama angepewa leo asingeliweza. “Sasa iko pori. Ile karatasi yako inasema kweli.”

Nilifungua sakoshi nikatoa daftari. Nilimsomea ukurasa wenye doa la udongo, polepole, kwa Kiswahili cha kitabu, hadi yale maneno ya misimu miwili. Alisikiliza huku mikono yake imesimama. Akaniomba nirudie mahali palipotajwa mama yake. Nikarudia.

“Siku ile walituita kwa biro,” aliniuliza, “hii ilikuwa wapi?”

“Kwenye sakoshi. Juu ya magoti.”

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua na alitaka tu kusikia. Mteja alikuwa amefika nyuma yangu. Mama alinisogeza kando kwa mgongo wa mkono, ili ampe mteja kwanga yake.